Breka zote zilikuwa chini, swichi ikajikata

Jioni ya tatu baada ya kuvuta umeme hadi gereji ya nyumbani, nilishusha breka zote nne za boksi dogo la huko, nikachomoa kila chenye plagi, nikarudi ndani ya nyumba na kunyanyua swichi ya usalama ya gereji, ile inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Ikakaa. Nikaiangalia dakika tano nzima, bado imekaa. Nilikuwa nimeanza kukusanya bisibisi zangu pale mke wangu alipochomeka pasi chumbani. Swichi ya gereji ikajikata palepale.

Pasi haikuwa gereji. Soketi ile ya chumbani ina breka yake na swichi yake ya usalama, na hiyo haikutikisika. Iliyojikata ni ile inayolinda mahali ambapo, kwa macho yangu, hapakuwa na kitu hata kimoja kinachotumia umeme. Nikamwomba achomoe pasi. Nikanyanyua swichi, ikakaa. Akachomeka tena, ikajikata. Tulirudia mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa lile lile.

Naandika haya kwa sababu ushauri anaopewa kila mtu swichi yake inapojikata ni mmoja: shusha breka zote, nyanyua swichi, kisha pandisha breka moja moja mpaka ijikate, hiyo ya mwisho ndiyo yenye hitilafu. Ni ushauri mzuri na mara nyingi unatosha. Lakini una tundu, nami nilitumbukia humo kwa siku tatu. Breka ya kawaida ya nyumbani hukata waya wa laivu peke yake, ule unaoleta umeme. Nyutro, waya unaourudisha, haiigusi. Ukishusha breka zote umehoji nusu tu ya nyaya zako. Nusu nyingine imebaki imeunganishwa na swichi kama ilivyokuwa.

Kazi yenyewe tuliifanya na fundi mmoja wa makamo, mwenye leseni, mtu asiyependa haraka. Mimi nilichimba mtaro, nikalaza paipu, nikavuta kebo na kufunga soketi kwenye maboksi yake ukutani. Yeye ndiye aliyeshika boksi kuu, kwa sababu hapo si mahali pa kujifunzia. Kebo ya milimita za mraba 6, mita 18 kutoka nyumbani hadi gereji. Kule mwisho boksi dogo lenye breka nne: taa, soketi, mota ya mlango, na soketi ya peke yake ya kompresa. Ndani ya nyumba, kwenye boksi kuu, akaongeza swichi ya usalama ya miliampia 30, yaani inayokata kabla umeme unaovuja haujapita kiasi hicho, kwa ajili ya gereji tu, ili hitilafu ya huko isizime nyumba nzima. Ethi ya nyumba yetu, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, inategemea fimbo iliyopigiliwa ardhini. Hilo la fimbo likumbuke, maana ndilo lililokuja kufafanua mambo mengi.

Usiku wa kwanza swichi ilijikata saa nane, watu wote wamelala. Asubuhi ikakaa vizuri. Nilipowasha drili ikajikata. Nilipoiwasha mara ya pili ikakaa. Mara ya tatu ikajikata tena. Kompresa ndiyo iliyoikata kila mara, bila kukosa, kwa hiyo nikaishuku kompresa, nikaitoa nje kabisa. Usiku huo ikajikata tena, kompresa ikiwa haipo. Kulikuwa kumenyesha, nikashuku maji ndani ya paipu. Halafu nikashuku swichi yenyewe, kwamba imetoka kiwandani ikiwa mbovu. Nadhani wengi tungefika hapo: kifaa kinachokusumbua ndicho unachokilaumu.

Nilipompigia fundi kumwambia nataka kununua nyingine, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiibadilishe, mwanangu. Hiyo inakwambia kitu. Ngoja nije."

Kabla hajafika, mtu ninayemheshimu sana alinipa ushauri mwingine: weka ya miliampia 300, au unganisha nyaya pembeni yake, uipite kabisa, maana gereji ni gereji tu. Naujibu hapa ushauri huo kwa sababu najua watu wanaufuata, na najua unafuatwa usiku, mtu amechoka, anataka taa iwake alale.

Breka ya ampia 16 kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Haimlindi mtu, wala haijawahi kuahidi kumlinda. Miliampia 30 ni chini ya sehemu moja kati ya mia tano ya ampia 16. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Mguse kwa volti 230 na miliampia 230 zitapita ndani yake, kutoka mkononi hadi miguuni, kifua kikiwa njiani. Kiasi hicho kinaweza kuuvuruga moyo uache kupiga kwa mpangilio na kubaki unatetemeka tu. Breka ya ampia 16 haitajua kama kuna lolote lililotokea. Kwake ni kama taa moja imewashwa.

Pengo hilo lilionekana mapema zaidi na watu waliofanya kazi mahali penye unyevu na chuma. Mhandisi Henri Rubin alitengeneza kinga ya umeme unaovuja kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mwaka 1955. Ile ya kwanza ilifanya kazi kwenye volti 525 na ilihitaji miliampia 250 ndipo ikate. Marekani, Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichunguza kwa miaka jinsi umeme unavyomwathiri mwanadamu, na mwaka 1961 akabuni kifaa kinachokata kwenye miliampia 5. Namba iliyoandikwa kwenye swichi yako si ya kubahatisha wala si mapenzi ya kiwanda. Ya 300 ina kazi yake: kuzuia moto, au kukaa kabla ya nyingine kwenye njia ya umeme kama ulinzi wa akiba. Haitamwokoa aliyeshika drili yenye waya uliochubuka.

Na gereji ndipo mahali penyewe. Sakafu ya zege mara nyingi hubaki na unyevu. Mtu anapiga magoti juu yake, anaegemea bodi ya gari, mkononi ana mashine yenye waya unaokanyagwa na kupitiwa na magurudumu. Kama kuna chumba kimoja cha nyumba ambacho singekubali kikose swichi hii, basi baada ya bafu ni hicho.

Fundi alikuja asubuhi. Hakuligusa boksi lolote. Aliniuliza maswali, na swali lake la tatu lilikuwa, "Ikijikata, huku ndani ya nyumba kunakuwa kumewashwa nini?" Nikamweleza habari ya pasi. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jina analolijua. "Basi ni nyutro," akasema. "Nyutro yako imegusa ethi huko gereji."

Nilimwomba anieleze kabla hatujaanza, na hivi ndivyo nilivyomwelewa. Ndani ya swichi kuna pete ya chuma, na katikati ya pete hiyo zinapita nyaya zote mbili, laivu na nyutro. Swichi haijali umeme ni mwingi au mchache. Inalinganisha tu: kiasi kinachotoka kwa laivu na kiasi kinachorudi kwa nyutro. Vikilingana, pete imetulia. Visipolingana, kuna umeme unaopita njia nyingine, na swichi iliyo sawa hukata tofauti ikiwa mahali fulani kati ya miliampia 15 na 30. Sisi huwa tunafikiria tofauti ya aina moja tu, laivu inayovuja kwenda ardhini. Lakini pete haibagui. Umeme ukipita kwenye nyutro bila mwenzake kwenye laivu, hiyo nayo ni tofauti.

Sasa pasi. Pasi ya wati 2,000 huvuta karibu ampia 9. Umeme huo ukirudi kwa nyutro ya nyumba kuelekea kwenye nguzo, kebo ina ukinzani wake mdogo, kwa hiyo nyutro kwenye boksi kuu hupanda juu ya ardhi kwa volti moja, pengine moja na nusu. Volti moja ni nini? Hakuna atakayeihisi. Lakini nyutro ya gereji ikiwa imegusa ethi, volti hiyo moja imepata mlango: inatoka boksi kuu, inapita ndani ya swichi ya gereji kwa waya wa nyutro, inafika gereji, inavukia kwenye ethi, inarudi hadi kwenye fimbo na kuzama ardhini. Chukua kwamba njia hiyo yote ina omu 20. Gawa volti 1 kwa omu 20, unapata miliampia 50. Laivu ya gereji haina kitu, nyutro ina 50. Swichi inakata, na ina haki ya kukata.

Nilikaa chini juu ya ndoo nikaanza kupanga upya matukio yote. Saa nane usiku: friji. Kompresa ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha. Drili inayokata leo na kesho haikati: mzigo wake ni mdogo, tofauti inaelea karibu na mpaka, na kitu chochote kinachowashwa ndani ya nyumba kinaisukuma upande huu au ule. Kompresa ya hewa: mzigo mkubwa, inavuka mpaka kila mara. Nilichokiita ukorofi kilikuwa hesabu ileile, ikirudiwa kwa uaminifu.

Kilichofuata kilichukua saa nzima na zaidi, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa kuhakikisha hakuna umeme. Alizima swichi kuu. Akaijaribu tesita yake mahali penye umeme aone inawaka, akapima boksi la gereji, kisha akairudisha mahali penye umeme aone kama bado inafanya kazi. Tesita iliyokufa katikati ya safari inaonyesha kila waya ni salama. Nimewaona watu wakiruka hatua hii ya tatu, nami nilikuwa mmoja wao.

Kisha akazitoa nyutro zote kwenye baa yake, kipande cha chuma kinachoziunganisha, moja moja, akizifunga utepe wenye namba. Hii ndiyo hatua isiyokuwemo katika ule ushauri wa kupandisha breka moja moja. Nyutro zikiwa zimebanwa pamoja kwenye baa, moja ikigusa ethi zote zinaonekana zimegusa. Na zikiwa bado zimeungana na nyutro ya nje, kipimo kitakudanganya, kwa sababu huko kwenye transfoma nyutro yenyewe imefungwa ardhini. Lazima kila moja isimame peke yake.

Alipima kwa mega, kifaa cha kupima kama ngozi ya waya inazuia umeme usipenye, kwa volti 500, kila nyutro dhidi ya ethi, baada ya kuchomoa kila kitu chenye elektroniki na kuitenga mota ya mlango, maana volti hizo zinaweza kuua bodi yake. Taa: juu ya megaomu 200, yaani omu milioni 200. Mota: juu ya 200. Kompresa: 180. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, kwa hiyo zote hizo zilikuwa na afya. Soketi: 0.00.

Mita ya kawaida ingeweza kuiona hitilafu hii, kwa sababu nyaya zilikuwa zimegusana kabisa. Lakini mita ya kawaida hupima kwa volti chache tu. Kihami, yaani ngozi ya waya, kilichochoka, au kebo iliyokwaruzwa na skrubu ikabakiza ngozi nyembamba, huipita mita hiyo bila kuguswa na kuja kuonekana kwenye mega. Kwa gereji, ambako rafu hufungwa ukutani kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Soketi zilikuwa tano, zimefuatana. Fundi hakuanza na ya kwanza. Alikwenda ya tatu, katikati, akatenganisha nyaya zinazoendelea mbele, akapima pande zote mbili. Upande wa nyuma mzima. Upande wa mbele sifuri. Zimebaki mbili. Akafungua skrubu za ile iliyo juu ya meza ya kazi, akaivuta soketi nje ya boksi lake kwa vidole viwili, na namba kwenye mega ikaruka hadi juu ya 200. Akairudisha ndani taratibu. Sifuri. Akaivuta. Mia mbili.

Soketi ile niliifunga mimi. Waya wa ethi ulikuwa umemenywa mrefu kuliko ilivyohitajika, haukuvikwa ala, na nilipokuwa nikiusukuma nyuma kwenye boksi lisilo na kina ukajikunja ukalalia kwenye tundu la nyutro. Skrubu zilipokazwa ukabanwa hapo. Fundi alikuwa amezipima kebo zote wiki ile, na zilikuwa safi. Alizipima kabla soketi hazijafungwa. Hilo yeye mwenyewe alilisema, bila mimi kuuliza: "Tulipaswa kupima tena mwisho."

Tulikata ethi ikafikia urefu wake, tukaivika ala ya kijani na manjano, tukafanya hivyo kwa soketi zote tano. Kisha akapima upya kila kitu, sasa kimefungwa na kukazwa.

Kuna kitufe cha majaribio usoni pa swichi, na nilimwambia kwamba siku zote tatu nilikuwa nakibonyeza na kinafanya kazi. Akanieleza kitu ambacho ningependa kila mwenye nyumba akijue. Kitufe kile hupitisha umeme kidogo kutoka upande mmoja wa pete hadi upande mwingine, ndani ya swichi yenyewe. Kinathibitisha kwamba pete inahisi na mkono unaanguka. Hakisemi lolote kuhusu ethi yako. Nyumba isiyo na ethi kabisa, kitufe kitafanya kazi. Kibonyeze, ndiyo, kila baada ya miezi michache, kwa sababu mitambo isiyosogezwa hukwama. Lakini ili kujua swichi inakata kwa kiasi gani na kwa muda gani unahitaji kifaa cha kupimia. Cha fundi kilionyesha yetu inakata kwenye miliampia 24. Kwa nusu ya kiwango, 15, haikukata, kama inavyotakiwa. Na kwa mara tano ya kiwango, 150, ilikata kwa milisekunde 28, ambapo mwisho unaoruhusiwa ni 40.

Wiki mbili zikapita kwa amani.

Kisha nikafunga taa ya nje, ile inayomulika njia kati ya nyumba na gereji. Nilitaka iwashwe kutoka pande zote mbili, mlango wa nyuma na mlango wa gereji. Laivu ilikuwepo tayari kwenye swichi ya mlango wa nyuma, kutoka saketi ya taa za nyumba. Nyutro iliyokuwa karibu na taa ilikuwa ya gereji, ndani ya boksi nililolijua vizuri. Nikaichukua hiyo. Nyutro ni nyutro, nilifikiri.

Nikawasha. Swichi ya gereji ikajikata. Nikainyanyua, nikawasha tena, na safari hii ikajikata ya nyumba. Taa ya wati 9.

Safari hii sikuhitaji siku tatu. Swichi mbili zikipokezana kujikata kwa kosa moja, kila moja inaona nusu ya safari: umeme umetoka kwa laivu ya nyumba na kurudi kwa nyutro ya gereji. Wati 9 kwa volti 230 ni karibu miliampia 40, na kwa taa nyingi za namna hii huwa zaidi. Swichi ya nyumba imeona 40 zimetoka hazikurudi. Swichi ya gereji imeona 40 zimerudi ambazo haikuzitoa. Inayowahi ndiyo inayokata.

Kosa hili nililichukulia kwa uzito kuliko lile la kwanza, kwa sababu sasa nilijua wa kumwogopea. Fundi anayekuja kesho kufanya kazi gereji atashusha breka za gereji, atazitoa nyutro kwenye baa kama nilivyomwona yule akizitoa, na moja kati ya hizo itakuwa na laivu ya nyumba inayomfikia kupitia taa yangu, mkononi mwake, kwenye waya ambao rangi yake inamwambia ni salama. Kama kusingekuwa na swichi yoyote ya usalama, ya nyumba wala ya gereji, taa ingewaka vizuri kwa miaka na mtego ungebaki hapo kimya.

Nilizima swichi kuu, nikaiondoa taa, nikampigia simu. Alikuja akavuta kebo mpya kutoka mlango wa nyuma, laivu na nyutro za saketi moja zikitembea pamoja hadi kwenye taa, na nyaya mbili za kubadilishana hadi swichi ya gereji. Alipomaliza alinipa kalamu. Ndani ya mlango wa boksi dogo nikaandika, kwa herufi kubwa, namba ya kila breka na namba ya nyutro yake pembeni, na chini yake tarehe na vipimo vya mega vya siku hiyo, ili atakayefungua baada yetu awe na cha kulinganishia.